Kifurushi cha vinywaji melini: wazazi wasilipiwe wasichokunywa

Mtoto wa Kigoma akishatulia ughaibuni, akapata kazi ya maana na makaratasi yake yakakaa sawa, hutamani kumfanyia mzazi jambo. Zamani ilikuwa kumwezekea nyumba bati au kumpeleka Hija. Siku hizi limeongezeka jingine: kumwombea viza na kumkatia tiketi ya meli ya kitalii, wiki nzima baharini, kutoka Miami au Galveston hadi visiwa vya Karibi na kurudi. Jambo hili nalipenda kwa moyo wote. Wazee waliotulea kwa dagaa na ugali wa muhogo wana haki ya kukaa kitako wakahudumiwa. Ninachopinga ni kitu kinachouzwa kando ya tiketi, kifurushi cha vinywaji, yaani bei moja unayolipa kwa kila siku ili ukiagiza kinywaji usitozwe tena, ambacho vijana wetu wanakilipia kwa mapenzi bila kusoma ndani yake mna nini.

Nianze na vile ambavyo nauli yenyewe imeshavilipia, maana hapo ndipo fedha nyingi zinapopotea. Katika meli nyingi kubwa, nauli ina maji ya kunywa, chai, kahawa ya kawaida, maziwa, chai baridi, maji ya limau yenye sukari, na juisi wakati wa kifungua kinywa. Unajichotea mwenyewe kwenye bufee au unaletewa mezani, na hakuna anayekuja na bili. Sasa fikiria mzazi wa Mwanga au Ujiji anakunywa nini kwa siku. Chai asubuhi, maji mchana, chai tena jioni. Yote yamo. Kahawa inayotozwa ni ile ya mashine, espreso na kapuchino, na hapo nakubali mzee aliyezoea kikombe kidogo cha kahawa chungu na kashata kijiweni ataiona ile ya bufee kama maji matupu. Basi anunuliwe espreso, kikombe kimoja kimoja, kila akiitamani. Ni dola chache tu, wala hazikaribii bei ya kifurushi.

Maji yanahitaji maelezo ya pekee. Wazee wetu hawaamini maji ya bomba, na hawana kosa; tumekua tukichemsha maji, na kipindupindu tunakijua. Mzee akiingia chumbani melini akaona bomba la sinki upande mmoja na chupa ya maji iliyopangwa vizuri mezani upande wa pili, atashika chupa, na mara nyingi chupa ile inatozwa. Mtoto amweleze mapema. Maji ya meli hutokana na maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi, au hupakiwa bandarini, kisha hutiwa klorini na kupimwa. Meli zinazoingia bandari za Marekani hukaguliwa usafi na CDC, taasisi ya serikali yao ya kudhibiti magonjwa. Maji yale yanakunyweka. Abebe chupa yake tupu kutoka nyumbani, ila asigusishe mdomo wa chupa kwenye bomba la bufee. Achote kwa glasi safi kisha amimine, kwa sababu ugonjwa wa kuhara na kutapika ukiingia melini husambaa upesi sana, na wahudumu ni wakali juu ya hilo.

Tuje kwenye kifurushi chenyewe. Kwa kawaida kuna cha soda peke yake, kuna cha vinywaji vyote visivyo na kileo, halafu kuna kikubwa chenye bia, mvinyo, pombe kali na kokteli. Kampuni ya meli ya Royal Caribbean, kwa mfano, wana ngazi hizo tatu, na kile kikubwa hulipia kinywaji cha bei isiyozidi dola 14. Ukiagiza cha bei ya juu zaidi unaongeza mwenyewe. Carnival wana kinachoitwa CHEERS!, kinachofika vinywaji vya dola 20, lakini kina kikomo: vinywaji 15 vyenye kileo ndani ya saa 24, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 asubuhi ya kesho yake. Princess nao, katika kifurushi chao cha Plus, wameweka 15 kwa siku.

Visivyomo ndivyo vinavyowashangaza watu siku ya bili. Vinywaji vya kwenye friji ndogo ya chumbani havimo. Chupa nzima ya mvinyo haimo, ingawa baadhi ya kampuni hutoa punguzo. Glasi nzuri ya ukumbusho utakayoletewa na kokteli hulipiwa kando. Duka la Starbucks lililomo ndani ya baadhi ya meli za Royal Caribbean halihesabiwi kama baa nyingine. Kinywaji cha kuletewa chumbani hutegemea kampuni, na vivyo hivyo baa za visiwa vinavyomilikiwa na kampuni hizo. Kugawana ni marufuku: kadi unayoonyesha ukiagiza ina jina la mtu mmoja, na anayekamatwa akimpa mwenzake anaweza kunyang'anywa huduma. Juu ya bei inayotangazwa kuna tozo ya huduma, 18 kwa mia katika kampuni nyingi, 20 kwa mia kwingine, na hii ndiyo watu wengi wanaisahau wakati wa kupiga hesabu.

Halafu kifurushi hununuliwa kwa safari nzima. Hununui siku mbili za baharini ukaacha siku za bandarini. Meli ikitia nanga Cozumel, kisiwa cha Meksiko, asubuhi, mzee akashuka kutembea mjini hadi alasiri, ile siku imelipiwa kama siku nyingine, na soda atakayokunywa mtaani ataitolea fedha mfukoni. Ni bando la simu hasa: usiku ukifika, ambacho hukukitumia kimekwenda.

Tupige hesabu. Tuseme kifurushi kikubwa ni dola 70 kwa siku. Bei hupanda na kushuka kulingana na meli na msimu, lakini hiyo si bei ya ajabu. Ongeza 18 kwa mia, inakuwa dola 82.60. Kwa siku 7 ni dola 578.20. Baba na mama, dola 1,156.40. Tukichukua dola kwa shilingi 2,500, hizo ni shilingi 2,891,000 za vinywaji. Bia ya dola 8 ikiongezwa tozo ileile inakuwa dola 9.44. Maana yake kila mmoja anywe bia 9 kila siku, siku 7 mfululizo, ndipo kifurushi kianze kumlipa. Kokteli za dola 14, anywe 5 kwa siku. Mzazi gani wa hapa Kigoma anakunywa hivyo, na nani angependa anywe hivyo?

Baba yangu mdogo alistaafu reli. Bia zake ni mbili, jioni, akishamaliza kuoga, na tangu nimjue hajapitisha hapo. Mama mdogo hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Yeye ni chai ya tangawizi. Mtoto wao alipowakatia safari alitaka kumnunulia baba peke yake kifurushi kikubwa ili mzee ajisikie huru. Mfumo ukakataa. Wako chumba kimoja, kwa hiyo wanunue wote wawili au asinunue hata mmoja. Kijana hakutaka kubishana mbele ya mkewe, akalipa vyote. Mama mdogo akavuka bahari na kifurushi cha pombe chenye jina lake. Aliponieleza alikuwa ameumia kweli, si kwa ajili ya fedha tu. Alihisi amesajiliwa kwenye jambo ambalo amelikataa kwa imani yake tangu utotoni, na hakuna aliyemuuliza.

Hili nalipinga waziwazi. Kanuni ya chumba kizima imeandikwa katika masharti ya kampuni kadhaa kubwa kwa kila mtu mwenye miaka 21 na zaidi, na sababu inayotolewa ni kuzuia watu kugawana kifurushi kimoja. Sababu naielewa. Lakini dawa yake inamwangukia asiyekunywa, na wasiokunywa ni wengi: Waislamu, Wasabato, Walokole, wajawazito, wenye dawa za kila siku. Kampuni inayoweza kutengeneza kadi inayofungua mlango, inayolipa dukani na kumtambua abiria anaposhuka bandarini haiwezi kunishawishi kwamba imeshindwa kumtambua mtu mmoja asiyekunywa. Kuna nafuu ambayo vijana wengi hawaijui: baadhi ya kampuni, ukipiga simu na kueleza kwamba mmoja hanywi kwa sababu ya dini au afya, humruhusu achukue kifurushi kisicho na kileo badala ya kile kikubwa. Mtandaoni nafuu hiyo huioni. Lazima uzungumze na mtu. Na hata hiyo bado si haki kamili, kwa kuwa anayetosheka na chai anaendelea kulipishwa.

Sisi wa Kigoma tuna meli yetu ya kulinganishia, na si vibaya kuikumbuka hapa. Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, na Meyer Werft, kwa jina la Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye makasha, ikaja Dar es Salaam kwa meli kisha huku kwa reli, ikaunganishwa na kushushwa ziwani 1915. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924, ikaanza kazi kama Liemba 1927. Karakana ileile ya Papenburg ndiyo iliyojenga Quantum of the Seas ya mwaka 2014 na Disney Dream kabla yake. Kwa hiyo mzee wa Kigoma anapopanda majumba yale yanayoelea, anapanda ndugu wa mbali wa meli aliyoijua tangu mtoto. Na kwenye Liemba, enzi zile inakwenda Mpulungu, Zambia, bia ilinunuliwa kwa chupa. Uliyetaka ulilipa, usiyetaka ulikaa zako, na aliyelala kitanda cha pili hakuhusishwa.

Kuna jambo la afya ambalo naliogopa kuliko fedha. Wazee wetu wengi wana presha, wengi wana sukari. Mtu mwenye sukari ukimpa kadi inayotoa soda bila mwisho, mbele ya mashine inayomimina kila ladha, huku akijua kwamba imeshalipiwa na mwanawe anayebeba mizigo usiku, atakunywa ili fedha ya mtoto isipotee. Sisi tumelelewa kutotupa kitu. Heshima hiyohiyo ndiyo itakayomdhuru. Hata kile kifurushi cha soda, ambacho bei yake ni ndogo, nisingempa mzee wa namna hiyo.

Sikatai kwamba kifurushi kinawafaa watu fulani. Vijana wanne waliokwenda kusherehekea, safari ina siku nyingi za baharini na bandari chache, kila mmoja anakunywa kokteli mchana na mvinyo usiku, na asubuhi anataka kapuchino na juisi iliyokamuliwa papo hapo: hao wanunue, watakula faida. Na kuna kampuni za bei ya juu, kama Silversea, Seabourn na Regent, ambako vinywaji vimo ndani ya nauli, kwa hiyo mjadala huu hauwahusu.

Hoja ya nguvu zaidi niliyosikia kutoka kwa watoto waliolipia ni nyingine kabisa. Wanasema mzazi asiponunuliwa kifurushi hataagiza kitu. Ataangalia bei ya juisi, ataigeuza kuwa shilingi kichwani, atasema ameshiba. Hiyo ni kweli tupu, namwona mama mdogo akifanya hivyo hata mgahawani hapa mjini. Lakini jibu lake si kifurushi cha dola mia kadhaa. Kampuni nyingi zinaruhusu kuweka fedha kwenye akaunti ya chumba kabla ya safari, kama zawadi. Weka dola 100 kwa jina la baba na mama, waambie imeshalipwa na isipotumika inaweza isirudi. Mzee atakunywa bia zake mbili, mama ataagiza juisi ya embe na espreso ya jioni, na hata picha ya ukumbusho inaweza kutoka humohumo. Kama baba anapenda mvinyo, Royal Caribbean na Carnival humruhusu kila mtu mzima kuingia na chupa moja ya mililita 750 siku ya kupanda, ndani ya begi la mkononi. Carnival huruhusu pia makopo 12 ya soda kwa mtu.

Na kwa wale ambao wameshalipia: kifurushi kilichonunuliwa mtandaoni kwa kawaida kinaweza kufutwa kabla ya siku ya kupanda, fedha zikarudi. Baada ya hapo mlango umefungwa. Kwa hiyo ingia kwenye akaunti yako leo, soma masharti hadi mstari wa mwisho, halafu mpigie mama simu umuulize anapenda kunywa nini akiwa huko. Muulize yeye mwenyewe, si baba kwa niaba yake.