Porto kuukuu na joto la Malindi

Ukikuta chupa kuukuu ya Porto, mvinyo mtamu wa Ureno ulioongezwa spiriti, katika kabati la nyumba ya Malindi, usianze kuuliza umri wake. Uliza imekaa wapi. Porto ya Vintage, yaani ya mavuno ya mwaka mmoja, hutiwa chupani mwaka wa pili au wa tatu baada ya mavuno, kisha huivia humo kwa makumi ya miaka, ikilazwa penye nyuzi 12 hadi 15. Kaskazi yetu huvuka 30. Mvinyo ukipata joto hutanuka, husukuma kizibo na kuvuja; nafasi yake hushikwa na hewa. Kizibo kikiwa kimechomoza, shingo inanata na mvinyo umeshuka hadi mabegani mwa chupa, usitoe pesa nyingi.

Ikiwa nzima, isimamishe siku mbili ili mashapo yatulie chini. Zungusha kizibuo taratibu, maana kizibo cha miaka 30 hukatika upesi. Mimina mfululizo kwenye jagi la kioo, tochi ikimulika nyuma ya shingo. Mashapo meusi yakianza kukaribia mdomo, acha hapo hapo. Makombo ya kizibo yachuje kwa melimeli iliyosuuzwa kwa maji matupu, kwani harufu ya sabuni huharibu kila kitu.

Kosa kubwa hapa pwani ni kuinywa ilivyo, bila kuipoza. Utamu wake ni sukari ya zabibu zenyewe, iliyobaki baada ya kuchachuka kukatizwa kwa spiriti ya zabibu ya asilimia 77, na kileo chake hufika kama asilimia 20. Kwenye nyuzi 30 utanusa spiriti tu. Tumbukiza jagi katika maji ya barafu mpaka mvinyo ufike nyuzi 16 au 18, umimine kidogo kidogo, na uumalize kwa siku mbili. Porto ya Tawny, iliyoivia kwenye mapipa, haina haja ya kuchujwa, na ikifunguliwa hukaa wiki kadhaa kwenye friji.

Lakini kama ni kununua ya kuweka, mimi nasema nunua Madeira, mvinyo wa kisiwa cha Ureno chenye jina hilo. Hiyo huzoeshwa joto tangu mwanzo: nyingine hupashwa kwenye matangi kwa nyuzi 45 hadi 50, si chini ya miezi mitatu, zilizo bora hukaa miaka kwenye mapipa chini ya mapaa yenye joto. Tafuta ya zabibu za Boal au Malvasia ukipenda tamu. Chupa isimame wima, isilazwe, mvinyo usile kizibo. Ikishafunguliwa hudumu miezi, na kwa korosho za kukaanga haina mpinzani.