Mama mkwe, ile haikuwa mashine ya alizeti

Wadau, kabla hamjaiamini ile voisi inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, eti mke wangu kanipiga hadi suruali ikachanika, nipeni nafasi na mimi nijitetee. Ndiyo, suruali ilichanika. Hapana, sikupigwa na mke wangu. Na huyo aliyeirusha, mtu anayekula ugali wangu kila Jumapili hapa Houston, tutaonana.

Msimu wa kuwinda paa Texas unaanza Jumamosi ya kwanza ya Novemba, na bunduki yangu inakula .30-06, ile risasi ya jeshi la Marekani ya mwaka 1906 (ndiyo hiyo 06 ya mwishoni). Bei yake dukani inauma. Mzee mmoja kwenye uwanja wa shabaha akanishauri niokote maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa nijaze mwenyewe: fataki mpya ya kuwasha, baruti, kichwa kipya, basi. Akasema anayeanza anunue singo steji, mashine ya mkono inayofanya kazi moja kwa ganda moja kila ukivuta mpini. Ni ya polepole, lakini unaona unachofanya.

Jamaa yangu, huyohuyo wa voisi, ndiye mjuzi wetu wa mambo haya. Akaniusia: "Kaka, chukua mashine yenye fremu ya umbo la O, chuma cha kalibu, nzito. Hizi za C ukizikamia zinakenua." Mimi nikatazama bei. O na C si herufi tu? Dai, vile vichupa vya chuma vinavyobana ganda lirudi umbo lake, zinaingia kote, nyuzi za skrubu ni zilezile, 14 kwa inchi. Nikabeba C ya alumini, nyepesi kama sufuria ya chai, na chenji nikanunulia mbuzi. Msinicheke, mbuzi alikuwa mtamu.

Meza ya ufundi sina. Nikaibana kwa klampu kwenye meza ya kulia chakula.

Sasa, kuna mambo mawili sikuyajua. La kwanza: kwa jamaa nilikuwa nimejaza risasi za bastola, 9mm, na dai zake ni za kabaidi, ile madini ngumu na laini kwa kuteleza, ganda linaingia kavu linatoka kavu. Nikadhani ndivyo dunia ilivyo. Kumbe .30-06 ina mabega na shingo kama chupa ya soda, na usipoipaka mafuta inang'ang'ania ndani ya dai kama kupe. Kopo la mafuta nilikuwa nalo. Lilikuwa mezani palepale, na lakiri yake.

La pili: mke wangu alikuwa kwenye video na mama yake, Singida. Simu kaiegemeza kwenye chombo cha maua nyuma yangu, kasema "subiri mama, nigeuze maandazi", kaenda jikoni.

Nikavuta mpini chini. Ukashuka kwa shida, ile C ikafungua mdomo, naapa, ikapiga mwayo. Nikajisifu: nguvu hizo! Nikaurudisha juu. Haurudi. Nikaubembeleza. Haurudi. Jamaa yuko kwenye kochi anatafuna andazi, ananiangalia tu.

Nikachuchumaa. Nikaingiza bega chini ya mpini kama kuli wa Kariakoo anayejitwisha gunia. Nikavuta pumzi. Nikasukuma.

Meza ikainuka miguu miwili.

Kopo la mafuta likaanza kuteleza kwenda upande wa pili, taratibu, likanipita machoni kama mtu unayemdai akikuona sokoni. Nikasukuma tena. Nikasikia krrrrr. Moyo ukafurahi, linatoka! Wadau, ilikuwa suruali. Krrr ilianzia kwenye mkanda ikashuka bila haraka, na mimi bado nasukuma, maana nadhani ni ganda. Halafu ndipo likaja PWAA! Ukingo wa kitako cha ganda ukanyofoka, mpini ukaruka juu, meza ikatua kwa kishindo, na mimi nikabaki nimeinama, mikono magotini, upepo wa feni unanifikia mahali ambapo feni haijawahi kufika.

Kimya.

Kisha, kutoka kwenye maua, sauti ya upole kabisa:

"Mkwe wangu, pole na kazi."

Sikugeuka. Ningegeukaje? Nikajibu vilevile nilivyoinama: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kumbe hata huko mnakamua alizeti!" Mtu wa Singida ukimwonyesha chuma chenye mpini mrefu, unategemea aseme nini? Akaendelea: "Lakini imekwama kwa kuwa hujapaka mafuta. Hata yetu hapa ukiisahau grisi inagoma."

Mara ya kwanza kuiona, tena kwenye kioo cha simu, saa mbili usiku kwao, na ugonjwa kaujua. Jamaa akaanguka kwenye kochi na andazi lake.

Mengine mafupi. Ganda lililobaki ndani ya dai likatobolewa kwa drili, likachongwa nyuzi, likavutwa kwa bolti. C imerudi kwenye boksi lake. O ya mtumba, chuma kitupu, imefungwa kwa bolti kwenye benchi la gereji, na meza tumeiwekea kitambaa kufunika makovu ya klampu.

Jana mama mkwe kapiga tena kuuliza kama mafuta yalitoka. Mke wangu, bila hata kunitazama, kamjibu kwamba bado tunachuja.