Kengele ya tetemeko ikikosea, tuilaumu kwa lipi?

Tarehe 8 Agosti 2013, jioni, simu za watu magharibi mwa Japani zililia kwa mpigo: tetemeko la ukubwa wa 7.8 lapiga eneo la Nara. Treni za kasi zikasimamishwa. Tetemeko lilikuwapo kweli, ila lilikuwa la 2.3. Idara ya Hali ya Hewa ya Japani ikaomba radhi.

Wakosoaji wana hoja, na si ndogo. Kwa nishati, kati ya 2.3 na 7.8 kuna tofauti ya zaidi ya mara milioni mia moja. Kengele ikikosea namna hiyo, kesho nani atakimbilia chini ya meza? Dawa yao ni kusubiri vituo vingi zaidi vya kupima mitikisiko vithibitishe kabla ya kuonya.

Lakini tuangalie kazi yenyewe ya mfumo huu wa kuonya. Takwimu zinamiminika bila kukoma kutoka vituo vilivyotawanyika nchi nzima, na kompyuta ina sekunde chache tu za kuamua kama mtikisiko wa huku na wa kule ni wa tukio moja. Mwaka 2013, kipimo kimoja kilicho chini ya bahari kilileta kelele, yaani ishara isiyo ya tetemeko, muda uleule tetemeko dogo lilipotokea, na mfumo ukavijumlisha. Januari 2018 matetemeko mawili madogo, la pwani ya Ibaraki na la Toyama, yalipishana kwa sekunde chache tu. Yakahesabiwa kuwa moja kubwa.

Sasa hiyo subira. Wimbi linalobomoa nyumba husafiri takriban kilomita 3.5 kwa sekunde. Ukisubiri sekunde moja, wote walio ndani ya kilomita tatu na nusu zaidi wanapigwa kabla ya kuonywa. Ukisubiri kumi, ni kilomita 35, tena upande ule ule wa kitovu ambako maafa ndiko yalipo. Subira ya aina hiyo analipa mtu wa karibu, na anayeidai mara nyingi ni wa mbali.

Machi 2011, katika tetemeko kubwa la kaskazini-mashariki mwa Japani, onyo lilitoka sekunde 8.6 baada ya kituo cha kwanza kuhisi wimbi. Makadirio yalikuwa 7.2 tu, kumbe ardhi ilikuwa bado inapasuka kuelekea 9.0. Hata hivyo Sendai, mji wa karibu, ilipata zaidi ya sekunde kumi. Tokyo haikupata onyo la umma, kwa sababu mfumo ulikadiria kidogo mno. Kosa hilo halikukera watu kama lile la 2013, na kwangu ndilo baya zaidi.

Machi 2018 Idara iliongeza njia nyingine, isiyotafuta kitovu: inaangalia vituo jirani vimetikisika kiasi gani, kisha inakuonya wewe ambaye mtikisiko utakufikia baadaye. Haidanganyiki kirahisi, ila muda inaokupa ni mfupi. Kwa hiyo njia zote mbili zinafanya kazi sambamba, na zikitofautiana, Idara hufuata makadirio yaliyo makubwa.