Watu hufuata kivuli

Jaribu siku moja, saa saba mchana mwezi wa pili, usimame kando ya barabara yoyote ya mtaa hapa Dar es Salaam uangalie watu wanavyopita. Mama mwenye ndoo kichwani anaanza upande wa kulia. Akifika penye ukuta usio na mti anakatiza kwenda kushoto kwenye mwarobaini, anatembea hatua thelathini, kivuli kinaisha, anarudi kulia. Wanafunzi wanaotoka shule wanafanya vivyo hivyo. Ndani ya mita mia mbili wameshavuka mara tatu, na zebra iko kule mbele juani, haina hata mbuzi.

Nipo kwenye kikundi cha mtaa wetu mwaka wa nne sasa. Tulianza na usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mafagio wengi wetu tuliyashika mara ya kwanza Desemba 9, 2015, pale Rais Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru akataka nchi nzima ifanye usafi. Baadaye tukaingia kwenye miti, kisha kwenye kuvusha watoto asubuhi. Hadi leo tuna kamati mbili, ya mazingira na ya usalama, na kila moja ina katibu wake na daftari lake la michango. Mimi naona ni kazi moja. Anayeamua mti upandwe wapi ndiye anayeamua mtoto atavukia wapi, awe anajua au hajui.

Zamani barabara yetu ilikuwa ya vumbi, na mashimo yake yalikuwa trafiki wasiolipwa mshahara. Bajaji ilipita ikiyumba kama ngalawa, na kuku walikuwa na muda wa kufikiri. Lami ilipokuja tulipiga vigelegele, na mimi nilikuwemo. Wiki ya pili tu, muuza madafu aligongwa na pikipiki akiwa anasukuma baiskeli yake. Mguu ulivunjika, madafu yakaviringika mpaka mtaroni, na watoto, Mungu awasamehe, wakayaokota.

Sheria inaruhusu mwisho kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Wengi wanadhani tofauti ya 50 na 30 ni ndogo. Rudi kwenye fizikia ya sekondari: nguvu ya kugonga hufuata mwendo uliozidishwa kwa mwendo wenyewe. 30 mara 30 ni 900, 50 mara 50 ni 2,500. Ni karibu mara tatu, na anayezipokea ni mtoto wa darasa la pili mwenye begi mgongoni.

Usiku uleule wa ajali, vijana wa kijiweni walijaza kifusi wakatengeneza tuta lao. Mjumbe wetu wa shina alikwenda kulitazama alfajiri akatikisa kichwa: "Wanangu, mtaua mtu mwingine kwa nia njema." Alisema kweli. Tuta lisilo na alama wala rangi humwangusha mwendesha pikipiki usiku, na gari la wagonjwa likija hulijui litapitaje. Lakini siwezi kuwalaani wale vijana, kwa sababu najua njia ya halali inavyokwenda. Unaandika barua kwa mwenyekiti wa mtaa, inapanda kwa mtendaji, diwani anaisemea. Kabla ya yote hayo lazima ujue barabara ni ya nani, maana kuu ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, na hizi zetu za ndani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini iliyoanzishwa 2017. Sisi kupata tuta la halali ilituchukua miezi kumi na minne, na barua moja iliwahi kurudi kwa kukosa mhuri.

Kilichotusaidia ni kwenda na kitu mkononi. Tulikaa siku tano kwenye benchi la mama ntilie tukihesabu: watoto wangapi wanavuka, wapi, saa ngapi. Karatasi ya madaftari, mistari ya kalamu nyekundu. Mhandisi alipofika aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama barabara. Wazo hilo hatukulibuni. Shirika la Amend lilianza hapahapa Dar kazi ya kukagua barabara za karibu na shule, kuangalia wanafunzi wanapita wapi, kisha kuweka vitu vya gharama ndogo: matuta, zebra, njia ya miguu, nguzo za kuzuia magari yasipande pembeni. Mwaka 2019 mpango huo, SARSAI, ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji yenye dola 250,000, inayotolewa na WRI, taasisi ya utafiti wa mazingira na maendeleo. Inaniuma kidogo kwamba watu wa mbali wanaijua kuliko sisi tunaoikanyaga.

Sasa niseme kosa letu, maana wanavikundi tunapenda kupiga picha za siku ya kupanda tu. Mwaka wa kwanza tulipanda maua ya uzio kwenye kona ya shule. Yalistawi haswa. Yakafika kimo cha kifua cha mtu mzima, yaani juu ya kichwa cha mtoto. Dereva anayekata kona hamwoni mtoto, mtoto hamwoni dereva. Mlinzi wa shule ndiye aliyetushtua baada ya bajaji kufunga breki hatua mbili kutoka kwa msichana mdogo. Tuliyakata siku ileile, na bibi mmoja aliyekuwa akiyamwagilia hakutusemesha mwezi mzima. Tangu hapo kanuni yetu ni kwamba kwenye kona panakaa kitu kifupi kuliko goti, au mti uliopunguzwa matawi ya chini mpaka shina libaki wazi kama nguzo.

Na mti gani? Watu wa kamati wanapenda ile mirefu ya urembo iliyonyooka kama mishumaa, ya mbele ya maghorofa. Inapendeza, ila kivuli chake kinamtosha paka. Mkungu una kivuli cha ajabu, lakini ukiuweka kando ya barabara ujue umeita watoto waje kurusha mawe wapate kungu, na jiwe likikosa tunda linapata kioo cha daladala. Kwangu mimi mwarobaini hauna mpinzani: unavumilia ukame, unakua haraka, na mbuzi hawaushangilii. Miwili tuliipanda pale zebra inapoanza na inapoishia, upande huu na huu. Mmoja umeshanipita kimo. Saa saba mchana sasa kuna watu wamesimama chini yake wakisubiri kuvuka, mahali ambapo chokaa na kibao havikuwahi kumsimamisha yeyote.

Hapa natofautiana na baadhi ya wenzangu. Wao wanataka mama ntilie na wauza matunda waondolewe kabisa, kama wamachinga walivyoondolewa kandokando ya barabara za jiji mwaka 2021. Kweli njia ya miguu ikijaa meza, mtu anashuka kwenye lami. Lakini ni nani aliyeumwagilia ule mwarobaini kiangazi chote? Ni mama ntilie, kwa maji ya kuoshea mchele. Ni nani anayempigia kelele bodaboda anayepita mbio? Yeye tena. Tukamwomba asogeze meza nyuma ya mti, akasogeza, njia ikapatikana.

Wa baiskeli ndio bado tumewasahau. Tukisikia baiskeli tunawaza mazoezi ya Jumapili, ilhali mtaani kwetu baiskeli ni mayai, madafu, mkaa unaotoka Kisarawe. UWABA, umoja wa waendesha baiskeli wa jiji hili, wamepiga kelele miaka mingi kudai njia zao. Barabara ya Morogoro ilipojengwa upya kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi yaliyoanza 2016, njia ya baiskeli iliwekwa, na leo ukiipita utakuta pikipiki zimeegeshwa juu yake. Mtaani hatuna hata hiyo ya kuegeshea. Muuza madafu wetu amepona, anachechemea, na bado anasukuma baiskeli yake pembeni ya lami, kwenye mchanga, kwa sababu juu ya lami anaogopa.

Jumamosi hii tunapaka rangi tuta upya, maana mvua za vuli zimeifuta, na tunapanda miarobaini mingine minne kufuata upande anaopita yeye. Mashimo yameshachimbwa. Rangi ipo, ndoo zipo. Anayeweza kutuazima mpira mrefu wa kumwagilia aje nao, sisi tutakuwa pale kwa mama ntilie kuanzia saa kumi na mbili asubuhi.