Shule zilichanganywa, walimu weusi wakaachwa nje

Kuna hoja huwa naiona kila ikitajwa historia ya Marekani, kwamba ile hukumu ya kesi ya Brown, iliyotolewa na Mahakama Kuu ya Marekani 1954, iliwaumiza weusi kuliko ilivyowasaidia. Mara ya kwanza nilidhani mtu anatania, maana majaji wote 9 walikubaliana kwamba kutenga watoto mashuleni kwa rangi ni kinyume na katiba, na ule uongo uliokubaliwa na mahakama hiyo tangu 1896 kwamba unaweza ukatengwa na bado mkawa sawa ukafia pale kwa upande wa shule.

Ila ukitulia hoja yenyewe sio ya kipuuzi. Shule za weusi zilikuwa na walimu wao na wakuu wao, watu wa heshima mtaani, wanamjua mtoto mpaka bibi yake, sasa shule zilipoanza kuunganishwa zinazofungwa nyingi ni za weusi, na wazazi wa kizungu hawataki mtoto wao afundishwe na mweusi, kwahiyo maelfu ya walimu wakapoteza kazi, na aliyekuwa mkuu wa shule unamkuta ameshushwa cheo. Mwandishi Zora Neale Hurston, mweusi mwenyewe, aliipinga hukumu 1955, aliona ni tusi kusema mtoto mweusi hasomi vizuri mpaka akae na mzungu. Hapo mama yule namuelewa kabisa.

Lakini wangebaki na shule zao, hela ingetoka wapi? Bajeti iko kwa bodi za wazungu! Angalia kaunti ya Prince Edward kule jimbo la Virginia. Shule ya weusi ilijengwa kwa wanafunzi 180 hivi, ikabebeshwa zaidi ya 400, wengine wanasomea kwenye vibanda vilivyofunikwa karatasi za lami. 1951 wanafunzi wakagoma, kiongozi wao binti wa miaka 16, Barbara Johns, na walichotaka mwanzoni ni jengo la maana tu. Kesi yao ikaja kuunganishwa kwenye hiyo hiyo Brown. Walivyoamriwa wachanganye, mwaka 1959 wakubwa wa kaunti wakafunga shule zote za umma, miaka 5, watoto wa kizungu wakafunguliwa ya binafsi. Yani mtu anaona bora afunge kila kitu kuliko dawati moja na mweusi, huyo ndo angewajengea maabara?

Mimi lawama naipeleka kwenye utekelezaji. 1955 mahakama ikasema mchanganye haraka ila bila tarehe, na miaka kumi kavu baada ya hukumu ya 1954, kule Kusini hawakufika hata weusi 3 kwa 100 waliokuwa wanasoma na wazungu, na ajira za walimu hukumu haikuziwekea ulinzi.

Virginia ilikuja kuwatengea waliofungiwa shule pesa za kusoma 2004, aliyekuwa aanze darasa la kwanza ile 1959 keshapita miaka 50.