Yarudisheni Mawe ya Mwambani

Kila bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, maji yanapokupwa na mwamba wa Msimbati, huku Mtwara, kubaki wazi, wapo wenzetu wanaopindua mawe wakitafuta pweza na kuondoka bila kuyarudisha, jambo linaloniudhi kupita kiasi. Upande wa chini wa jiwe, uliozoea giza na unyevu, huachwa juani. Sifongo hukauka, vikaa vidogo hutawanyika, na mayai ya konokono yaliyonata hapo hufa kabla maji hayajajaa. Pweza jike hayaachi mayai yake mpaka yaanguliwe, kisha naye hufa, kwa hiyo anayemchokoa kwa chuma wakati huo amemaliza kizazi kizima. Na hii ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000! Kulirudisha jiwe hakuchukui hata dakika, ndugu zangu, nanyi ndio mtakaorudi papo hapo bamvua lijalo.