Nilinunua Miguu Bila Kichwa

Mke wangu aliitoa ile stendi ya kamera kwenye boksi, akaisimamisha katikati ya sebule yetu hapa Kisasa, Dodoma, akaizunguka mara mbili kama mnunuzi wa ng'ombe katika mnada wa Msalato, kisha akauliza swali ambalo mimi, katika wiki tatu za kusoma, kulinganisha na kubembeleza bei, sikuwa nimejiuliza hata mara moja.

"Baba Watoto, kamera yenyewe inakaa wapi?"

Juu ya stendi palikuwa na kisahani cha chuma cha ukubwa wa kifuniko cha chupa ya chai, na katikati ya kisahani ilichomoza skrubu moja. Basi. Hapakuwa na kichwa, yaani kile kitu cha kuinamisha kamera na kuigeuza. Nilikuwa nimelipa shilingi 280,000 kwa miguu mitatu, nami nilirudi nayo nyumbani nikijipongeza njia nzima.

Kwa haki ya muuzaji, sikudanganywa. Stendi za bei ndogo huuzwa zikiwa zimekamilika, na kichwa chake cha plastiki chenye mkono mrefu kama wa sufuria huwa kimeshikizwa humo humo kiwandani. Ukipanda daraja, miguu huuzwa peke yake na kichwa peke yake, kwa kuwa wapiga picha wana mahitaji tofauti: anayepiga majengo hupenda kichwa chenye mikono mitatu, ambacho kila mkono hurekebisha upande mmoja tu bila kuvuruga nyingine, na anayepiga watu au ndege hupenda kichwa cha gololi, ambacho ukilegeza kitasa kimoja kamera inaelekea popote utakapo, na ukikikaza inaganda hapo hapo. Yote hayo niliyajua. Nilichokuwa sijakijua ni kwamba mfano ule wa dukani, uliokuwa na kichwa kizuri cheusi juu yake, ulikuwa mfano tu.

Safari yote hii ilianzishwa na baba mkwe. Mwezi Julai ukoo ungekutana nyumbani kwake Mvumi, kilomita kama 40 kutoka mjini, naye alitaka picha moja ya vizazi vinne, iliyopigwa jioni jua linapozama nyuma ya miamba, na aliongeza sharti lililonitoa jasho: mkwe naye awemo. Jioni mwanga ni mdogo, kwa hiyo kilango cha mwanga ndani ya kamera kinapaswa kubaki wazi muda mrefu zaidi, na mkono wa binadamu hauwezi kutulia muda huo. Isitoshe, mpiga picha anayetakiwa awemo pichani hawezi kuwa ameshika kamera. Stendi haikuwa anasa.

Nilichagua miguu kwa uangalifu ambao hata sasa siuonei haya. Nilikataa ile iliyokunjwa vipande vitano, maana kila kipande kinavyozidi ndivyo cha mwisho kinavyokuwa chembamba na ndivyo stendi inavyotetemeka. Nikachukua ya vipande vitatu, ndefu kidogo kubeba kwenye bodaboda lakini imara. Nilipima urefu wake bila kuivuta ile nguzo ya katikati, kwa kuwa ukishaipandisha nguzo umegeuza miguu mitatu kuwa mguu mmoja uliosimama juu ya mitatu. Nilichagua aluminiamu badala ya nyuzi za kaboni, kwa sababu kaboni ni nyepesi na mshahara wangu ni mwepesi zaidi. Boksi lilisema inabeba kilo 8, na kamera yangu pamoja na lenzi haifiki kilo 2. Nilijua kwamba kila kiwanda hupima kilo zake kwa namna yake, hivyo nikajiwekea akiba ya kutosha. Nilihakikisha hata kwamba chini ya nguzo kuna ndoano ya kutundikia mfuko wenye uzito, kwa kuwa upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba hauna adabu.

Zikiwa zimebaki siku mbili, nilipata kichwa cha gololi kilichotumika, kwa kijana mmoja anayepiga picha za pasipoti mjini. Kilikuwa kizito, kitasa chake kilikaza vizuri, na kilikuwa na kipima maji kidogo kama cha fundi mwashi. Niliondoka nacho bila kukijaribu. Nyumbani nikakiweka juu ya ile skrubu, kikazama chote na kuyumba kama sufuria kubwa juu ya jiko dogo. Skrubu yangu ilikuwa ya robo inchi, ambayo ni milimita 6 na ushee. Tundu la kichwa lilikuwa la sehemu tatu za nane za inchi, yaani milimita 9 na nusu. Hivyo ndivyo vipimo viwili vinavyotumika kwenye vifaa hivi, na mimi nilikuwa nimenunua kimoja cha kila aina.

Ipo pete ndogo ya shaba yenye kazi hii moja tu, ya kujaza pengo hilo. Nilizunguka mjini mchana mzima nikiitafuta, nikaelekezwa hadi kwa wauza vipuri vya pikipiki, sikuipata. Zamani ningeviringisha mfuko wa plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku tangu mwaka 2019, na mtumishi wa umma hawezi kuonekana akiitafuta. Nikamkumbuka fundi bomba aliyetutengenezea sinki, aliyesahau kwetu tepu yake nyeupe ya kuviringishia nyuzi za mabomba. Niliizungusha kwenye skrubu mara nyingi mpaka ikanenepa, nikakisokota kichwa juu yake kwa nguvu, nikaweka kamera, nikaitikisa. Haikucheza. Nilimwita mke wangu aje aone. Aliangalia, akasema, "Haivuji maji," akarudi jikoni.

Tulifika Mvumi asubuhi, tukapokelewa kwa mbukwenyi, salamu ya Kigogo, za kila upande, na mbuzi wawili walikuwa wameshaanza kuchomwa. Maini yalitengwa kwenye bakuli la bati lenye maua mekundu, yakafunikwa, kwa ajili ya mzee, na kila mtu aliarifiwa kwamba yametengwa. Mimi nilitumia mchana wote kuandaa mahali. Mama mkwe alikuja kuitazama stendi, akahesabu miguu yake kwa kidole, akaridhika. "Mitatu ndiyo sawa," alisema. "Hata mafiga ni matatu." Alikuwa amesema kwa maneno machache jambo ambalo mimi nililisoma kurasa nzima: kitu chenye nguzo tatu hugusa ardhi kwa zote tatu hata pasipo tambarare, na meza ya miguu minne ndiyo inayohitaji kutiwa kipande cha kigae.

Saa kumi na mbili kasoro jioni watu 41 walipangwa mbele ya nyumba ya tembe, wazee kwenye viti, watoto chini, waliobaki wamesimama. Mmoja tu alikosekana, shemeji yangu mdogo, ambaye ilisemekana amepanda jiwe kutafuta mtandao. Mzee alisema hawezi kulisubirisha jua kwa ajili ya mtu wa simu. Nilielekeza mguu mmoja wa stendi mbele, chini ya lenzi, ili uzito usiiangushe. Nikatundika mfuko wa mchanga kwenye ndoano. Nikazima kile kifaa cha ndani ya lenzi kinachotuliza mtikisiko, maana kamera ikiwa juu ya stendi huweza kuutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuzua. Nikakaza gololi mpaka kiganja kikauma. Kisha nikaiagiza kamera isubiri sekunde 10, halafu ipige picha 9, moja kila baada ya sekunde 5, ili nisilazimike kukimbia kwenda na kurudi mbele ya wakwe. Jambo moja nilisahau. Mkanda wa kamera, ule mpana wa kuvaa shingoni, niliuacha ukining'inia.

Nilikimbia, nikaingia mstari wa nyuma, nikatabasamu. Upepo ukaja.

Uliukamata ule mkanda kama tanga la ngalawa. Gololi niliyoikaza haikulegea hata kidogo, na hilo nalisema kwa fahari. Kilichogeuka ni kichwa kizima, taratibu, juu ya tepu ya fundi bomba, kuelekea kushoto, upande ule ule wa kufungulia skrubu. Kutoka tuliposimama, jua machoni, hakuna aliyetambua. Tuliisikia kamera ikilia, nasi kila ilipolia tuliyakaza meno yetu. Mzee alinong'ona kwamba hajawahi kupigwa picha nyingi hivyo kwa mara moja, tangu enzi za yule mpiga picha wa mjini aliyekuja na kitambaa cheusi.

Baada ya picha ya tisa tulikusanyika kuzitazama kwenye kioo cha kamera, mzee akiwa ameketi, ukoo wote umeinama nyuma yake. Ya kwanza ilikuwa nzuri isipokuwa mimi, niliyekuwa bado nakimbia na kuonekana mgongo tu. Ya pili ilikuwa na nusu ya ukoo, ile ya kushotoni. Ya tatu ilikuwa na shangazi mmoja na sehemu kubwa ya mbuyu. Ya nne ilikuwa mbuyu. Watu walianza kucheka, nami nikaanza kueleza habari za robo inchi, jambo lililozidisha kicheko.

Ya tano ilionyesha kihenge cha nafaka, na nyuma ya kihenge kiwiko cha mtu.

Hapo upepo ulikuwa umepumzika, bila shaka, kwa sababu picha nne zilizofuata zote zilielekea pale pale, nazo zilitulia na kung'aa kwa namna ambayo nakiri sijawahi kuipata tena. Ya sita: shemeji amechungulia kuelekea kwenye ukoo wake uliosimama ukitabasamu. Ya saba: bakuli la bati, maua mekundu yakisomeka moja moja. Ya nane: shavu limejaa. Ya tisa: analamba kidole cha kati, macho ameyafumba.

Kicheko kilikatika. Mzee aliomba arudishiwe ya saba, akaikuza kwa kidole kama alivyoona wajukuu wakifanya, akalitazama bakuli lake. Wakati huo huo shemeji alitokea kutoka upande wa pili kabisa wa nyumba, simu mkononi, akasema kwamba hata kule juu ya jiwe mtandao unasumbua.

Sitaeleza yaliyosemwa, kwa kuwa yalisemwa Kigogo na kwa kasi. Lakini jua lilikuwa bado na dakika chache, na aliyeokoa picha alikuwa mama mkwe. Aliagiza kinu kikubwa kiletwe, kikapinduliwa, juu yake akaweka kifuko cha uwele kilichojaa nusu, akaniambia nilaze kamera humo kama mtoto. Ilikaa bila kutikisika. Nikaukata ule mkanda kwa kisu, nikakimbia tena, na picha ya watu 42 ikapatikana, shemeji akiwa mstari wa mbele, kati ya mzee na mama, kwa amri.

Jumatatu nilikipeleka kichwa kwa yule kijana wa picha za pasipoti, nikiwa nimejiandaa kugombana, na nilibeba na miguu iwe ushahidi. Alibandua tepu yangu, akachukua bisibisi, akaifungua skrubu ya kwenye kisahani, akaipindua juu chini, akairudisha. Upande wake wa pili ulikuwa mnene, milimita 9 na nusu. Ilikuwa imetengenezwa hivyo kiwandani, ncha mbili kwa vichwa vya aina mbili. Kichwa kiliingia, kikabana. Aliniuliza kama ile tepu bado ninaihitaji.

Mzee aliagiza picha mbili zisafishwe kwa ukubwa. Ya ukoo iko kwenye albamu, imefungwa. Ya saba iko ukutani sebuleni kwake, pembeni ya kalenda, na kila mgeni akishakaribishwa maji huulizwa kama anamtambua huyo aliye nyuma ya kihenge. Shemeji amenipigia simu mara mbili tangu hapo, na mara zote mbili, kabla hata ya salamu, ameanza kwa kuuliza kama hiyo stendi yangu nimeshaikaza.